Chui Namba 0311 na Karatasi Yake

SHIRIKA LA WATUNZA SARAFU KUBWA ZA FEDHA, KASONGO NA KABAMBARE

Kumbukumbu za kikao cha kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 15 Julai 2023, Kasongo, katika chumba cha nyuma cha duka la vitenge la Mwenyekiti.

WALIOHUDHURIA
1. Alhadji Souleymane Assani, Mwenyekiti, mwenye sarafu ya nyati
2. Bwana Faradji Muzaliwa, muuza mabati, Makamu wa Mwenyekiti kwa muda wa heshima
3. Bi Aicha Ramazani, Mwandishi, mwenye sarafu ya kasuku
4. Bwana Théophile Mushagalusa, mnunuzi wa dhahabu, mtunza mzani, mwenye sarafu ya sokwe
5. Mama Francine Nsimire wa Lusangi, mtunza sanduku, mwenye sarafu ya tembo
6. Mzee Iliasi Saleh, mjumbe, mwenye sarafu ya ngiri

ASIYEHUDHURIA, KWA TAARIFA
Bwana Djuma Lubunga, mjumbe wa Kabambare. Mnyororo wa pikipiki yake ulikatika njiani.

ALIYEALIKWA
Bi Hidaya Muzaliwa, mshonaji, Kabambare, dada wa Makamu.

KUMB. NA. 1/7/2023: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kiliitishwa kwa saa mbili asubuhi. Kilifunguliwa saa mbili na nusu, kwa sababu Makamu alikuwa bado barabarani akizungumza na dada yake. Au tuseme Makamu alikuwa barabarani na dada yake alikuwa barabarani, maana waliosimama karibu nao wanasema hawakusikia neno.

Mwenyekiti alifungua kwa dua. Mama Francine na Bwana Théophile walifanya ishara ya msalaba, kama ilivyo desturi yetu tangu shirika lianze. Mwenyekiti alikumbusha kwamba bei ya sarafu haitajwi kikaoni. Mzee Iliasi aliuliza kama bei ya vile vifuniko vya plastiki vinavyofunika sarafu inaweza kutajwa. Aliambiwa hapana.

KUMB. NA. 2/7/2023: KUSOMA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Mwandishi alisoma kumbukumbu za kikao cha mwezi wa tatu. Bwana Théophile alisema ni ndefu kama mazishi ya tajiri. Mwandishi alijibu kwamba kumbukumbu fupi ndizo zinazowasahaulisha watu ahadi zao, na hakutaja jina la mtu. Zilithibitishwa.

Kwa faida ya atakayesoma daftari hili baada yetu, Mwandishi anaeleza tena jambo lililokuwa likingojea. Mfululizo wa Wanyama wa Msitu una sarafu kumi na mbili. Kila moja ni fedha safi, uzito wake kilo moja, na ukiiweka kiganjani inajaza kiganja. Kila mnyama alitengenezewa sarafu mia tano tu, kisha muhuri wa kumpigia ukavunjwa. Kila sarafu ina namba ukingoni, na namba hiyohiyo iko kwenye cheti chake. Sarafu isiyo na cheti watu huiona kama fedha ya kuyeyusha tu.

Wanachama wetu wana wanyama kumi na mmoja wenye vyeti. Wa kumi na mbili ni chui wa marehemu Alhadji Muzaliwa, mwanzilishi wetu, aliyemnunua Dubai akitoka hija, badala ya televisheni ambayo mkewe alikuwa ameiagiza. Marehemu alituacha mwaka 2018. Tangu hapo mwanawe, Bwana Faradji, amekuwa akimweka chui mezani kila siku ya maonyesho bila cheti. Alipewa muda wa heshima kwa ajili ya baba yake, na muda huo uliongezwa mara nne. Maelezo yake miaka yote yamekuwa kwamba cheti kililiwa na mchwa.

Kikao cha mwezi wa tatu kiliamua, kwa hoja ya Bwana Théophile, kwamba leo, siku ya maonyesho, cheti kionekane. Kisipoonekana, chui aondoke mezani na Bwana Faradji aondoke kwenye kiti.

KUMB. NA. 3/7/2023: HALI YA SARAFU NA VYETI

Mama Francine alitoa ripoti ya sanduku. Kafuri imebadilishwa. Vifuniko kumi ni safi. Kifuniko cha kasuku kimeingia ukungu kidogo. Mwenye kasuku ni Mwandishi, na Mwandishi alieleza kwamba ni mvua ya mwezi wa nne na wala si uzembe. Maelezo yalipokelewa.

Mzee Iliasi aliomba kusema jambo kabla hajaulizwa. Alikiri kwamba alipeleka cheti cha ngiri kwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko, kikapigwa plastiki kama kadi ya mpiga kura. Alisema, "Nilifikiri itakaa miaka mia." Moto wa mashine ulikunja kona moja ya cheti, na muhuri wa dhahabu umegeuka rangi ya chai. Namba bado inasomeka. Kamati ilisikitika. Iliamuliwa kwamba cheti chochote kisipigwe plastiki tena, hata kwa mapenzi, na kwamba Mzee Iliasi asichekwe nje ya kikao. Ndani ya kikao alichekwa.

KUMB. NA. 4/7/2023: CHUI

Mwenyekiti alimtaka Makamu aeleze alipofikia. Bwana Faradji alisimama, akamshukuru Mungu, akasema ana habari njema: cheti hakikuliwa chote kama ilivyodhaniwa, bali kimepatikana kizima Kabambare, katika vitu vya familia.

Bwana Théophile aliuliza: "Ule mchwa alitapika?"

Mwenyekiti alimwomba afute neno hilo. Kisha Mwandishi aliombwa alifute. Halikufutika, kwa sababu daftari hili linaandikwa kwa wino.

Bwana Faradji aliendelea kwamba dada yake amekileta, kwamba anamshukuru, na kwamba sasa akiweke mezani kwa kamati kisha aende akapumzike, maana njia imemchosha. Bi Hidaya alikuwa amekaa karibu na mlango, na sanduku dogo la mbao mapajani. Aliomba neno. Bwana Faradji alisema mwalikwa hana neno katika kikao cha kamati. Mwenyekiti alisema mtu aliyekaa juu ya pikipiki siku moja na nusu kutoka Kabambare ana neno, na akampa.

Mama Francine aliomba maneno ya Bi Hidaya yaandikwe yalivyo. Yameandikwa yalivyo:

"Salama, Alhadji. Salama, wababa na wamama. Mi niko mushonaji, maneno ya vikao sijue mingi. Baba alipokufa, tulimaliza arobaini, wazee wakakaa kugawa. Siku ile watu walikuwa wanapitisha chui mukono kwa mukono, kila mutu anataka kumushika. Sanduku yake ikabaki pa meza. Wazee wakaihesabia pamoja na sufuria na masinia. Wakapiga kura. Fungu ya chui na mabati ikamuangukia yaya Faradji, mukubwa wangu. Fungu ya vyombo ikaniangukia mi. Wote tulikubali mbele ya wazee, tukaweka mukono. Hakuna hata mumoja alifungua ile sanduku.

"Nilifika nayo Kabambare, nikatia sindano zangu ndani. Siku moja natafuta sindano iliyopotea, nikainua kitambaa cha chini, nikakuta karatasi. Nikasoma namba. Nikafurahi sana, nikasema, sasa yaya atakuja. Yaya hakuja. Alituma mutu na pikipiki, aseme ile karatasi haina maana, nimupe airudishe. Nikamuuliza ule mutu: kama haina maana, juu ya nini walikutuma siku mbili mu matope? Nikamupikia, akala, nikamurudisha na salamu. Akaja wa pili. Akaja wa tatu. Yaya mwenyewe, hapana. Kisha nikasikia pa soko kama mchwa ilikula karatasi yangu, na leo kamati inataka kuiona. Basi nikaileta mi mwenyewe."

Bwana Faradji alisema mambo ya urithi ni mambo ya nyumbani. Mama Francine aliuliza ni nyumbani kupi, kwa sababu yeye anapita njia ile kila mwezi na hajawahi kumkuta mmoja wao kwenye mlango wa mwenzake.

Mwenyekiti alielekeza kwamba kwanza ijulikane kama cheti na sarafu ni vya pamoja, kwa kuwa bila hilo maneno yote ni bure. Bwana Théophile alikumbusha kwamba yeye hana shaka na cheti. Shaka yake ni juu ya chui mwenyewe. Alirudia, kama alivyosema katika vikao vinne, kwamba Lusangi kuna mafundi wanaoweza kuyeyusha kitu chochote na kukimimina katika umbo lolote, na kwamba chui huyu hajapanda mzani wake hata siku moja. Alitaka kifuniko kifunguliwe, sarafu ipimwe, na namba ya ukingoni isomwe.

Bwana Faradji alikataa. Alisema kifuniko hakijafunguliwa tangu Dubai, na kwamba kidole cha mtu kikigusa fedha ile kinaacha alama isiyotoka. Katika hili alikuwa na haki, na Bwana Théophile alikubali kwamba ana haki. Kamati ilitafuta kitambaa kisafi. Duka zima la vitenge halikuwa na kitambaa ambacho Mama Francine alikiona kisafi.

Bi Hidaya alifungua mfuko wake akatoa glavu mbili za pamba nyeupe. Alisema: "Nilijua mutaifungua. Nilizishona Jumatatu." Hakuzivaa. Alimpa kaka yake. Bwana Faradji alizitazama kidogo, kisha akazivaa. Zilimtosha vizuri, na hakuna aliyekuwa amempima.

Bwana Faradji alifungua kifuniko mwenyewe. Chui aliwekwa juu ya mzani. Mzani ulisoma gramu elfu moja. Bwana Théophile aliomba atolewe, akausafisha mzani, akaomba arudishwe: gramu elfu moja. Alifanya hivyo mara ya tatu. Upana ulikuwa sentimita kumi kamili. Hapo Bwana Théophile alivua kofia yake akaiweka juu ya goti.

Mama Francine alichukua lupe, kile kioo cha kukuza ambacho wanunuzi wa dhahabu hutembea nacho mfukoni, akasoma ukingo wakati Bwana Faradji akiizungusha sarafu pole pole. Wajumbe wote walikuwa wamesimama. Alisoma: "Sufuri." Baadaye: "Tatu." Baadaye: "Moja." Kisha akaondoa lupe jichoni.

"Papa Faradji, sogeza kidole. Namba ingine iko chini ya kidole."

Bwana Faradji alisogeza kidole.

"Moja," Mama Francine alisema.

Bi Hidaya alifungua sanduku, akatoa cheti, akakiweka mezani mbele ya Bwana Théophile. Hakina mkunjo. Hakina doa. Bwana Théophile alisoma kwa sauti: chui, moja kati ya mia tano, namba 0311.

Mama Francine alipiga kelele ya Aleluya. Mzee Iliasi alipiga takbira. Mke wa Mwenyekiti alipiga vigelegele kutoka jikoni kabla ya kujua ni vya nini, na wanawake waliokuwa dukani wakichagua kitenge wakampokea. Watu wa barabarani waliingia mpaka mlango wa chumba hiki, na Mwenyekiti aliwaacha. Kwa mara ya kwanza tangu shirika lianze, wanyama kumi na wawili wamekamilika kwa sarafu na kwa vyeti. Kwa habari alizo nazo Mwandishi, hakuna mji mwingine katika Maniema wenye jambo kama hili, na kama upo, ujitokeze. Mwandishi alilia. Mwenyekiti alisema hilo si lazima liandikwe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Bwana Théophile aliomba neno. Alisema: "Nilisema hii feza ilipikwa Lusangi. Nilisema mara ine, na mara ine iko mu daftari. Leo mi nasema nilikosea. Muandike ile mara moja tu, inatosha." Imeandikwa mara moja.

Mwenyekiti aliagiza chai na maandazi. Kikao kilisimama kwa nusu saa.

KUMB. NA. 5/7/2023: JINA LA KUANDIKWA KATIKA DAFTARI LA WAMILIKI

Baada ya chai, Mama Francine alifungua daftari la wamiliki katika ukurasa wa kumi na mbili, ambao chini ya jina la marehemu umekaa mtupu miaka mitano. Aliuliza aandike jina gani.

Bwana Faradji alisema liandikwe Faradji Muzaliwa. Alisema chui alimwangukia yeye kwa kura, na cheti hufuata sarafu kama kivuli kinavyomfuata mtu. Aliahidi mbele ya wote kwamba atampa dada yake mashine mpya ya kushonea, ya kukanyaga kwa mguu, kuwa shukrani kwa kutunza karatasi. Mzee Iliasi alisema hiyo ni zawadi nzuri.

Bi Hidaya alisema: "Yaya, mashine niko nayo. Sikuje kuuzisha karatasi. Nilikuja niandikwe."

Bwana Faradji alisema haiwezekani mtu aandikwe kwa karatasi tu. Mwenyekiti aliuliza kama katiba ya shirika ina neno juu ya hili. Wajumbe walitazamana. Mama Francine alisema lipo, analijua kwa moyo, lakini angependa lisomwe katika kitabu ili asidhaniwe amelitunga. Mwandishi alimpa kitabu. Alisoma kanuni ya saba kwa sauti ambayo Mwandishi anaamini ilifika msikitini:

"Mwenye sarafu ni yule anayeshika cheti chenye namba yake. Asiyeshika cheti, hata kama sarafu inalala nyumbani kwake, haandikwi katika daftari wala hana kiti katika kamati."

Mzee Iliasi aliuliza nani alitunga kanuni kali namna hiyo. Mwandishi alifungua kumbukumbu za mwaka 2017. Kanuni ya saba ililetwa na Bwana Faradji Muzaliwa, baba yake akiwa hai. Ililetwa katika kikao ambacho Mama Francine alikuja kutoka Lusangi na tembo wake, na cheti chake kikiwa bado njiani. Kwa kanuni hiyo Mama Francine alikaa nje ya mlango miezi saba, akisikiliza vikao kupitia dirisha. Mama Francine alithibitisha kwamba ni miezi saba, na kwamba miwili kati yake ilikuwa ya mvua.

Mzee Iliasi alisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwenyekiti alimtaka anyamaze. Alikuwa ameshasema.

Bwana Théophile aliomba neno, na wengi walidhani atapinga, kwa kuwa hupinga. Alisema miaka minne alikuwa akidai karatasi. Sasa imekuja, imebebwa mgongoni na mtu aliyeitunza bila doa, wakati vyeti vingine, hakutaja vya nani, vimepikwa katika plastiki. "Tumuambie asante, kaa inje? Mi siwezi. Nilitoka Bukavu sina mutu hapa, mukaniandika. Yeye ni mutoto wa mwanzilishi." Mwandishi hajawahi kumpenda Bwana Théophile kama dakika ile, na jambo hilo lina mwisho wake katika sentensi hii.

Mwenyekiti alimuuliza Bwana Faradji kama ana neno dhidi ya kanuni yake. Bwana Faradji alizitazama glavu, ambazo alikuwa hajazivua. Kisha alisimama. Alisema hana neno dhidi ya kanuni; ana neno dhidi yake mwenyewe, na akaomba aliseme kwa lugha ya nyumbani:

"Nilijua karatasi iko kwa Hidaya, miezi tatu tu nyuma ya kugawa urithi. Mi ni mukubwa wake. Nilisikia haya kwenda kumuomba kitu mudogo wangu. Nikatuma mutu. Akarudi mikono mitupu, haya ikazidi. Siku ya maonyesho Alhadji aliniuliza mbele ya watu, karatasi iko wapi, nikasema mchwa. Ile mchwa ilitoka mu kinywa yangu, haikutoka mu nyumba. Kila mwaka nilitaka kuirudisha, ikakataa kurudi. Kamati munisamehe. Hidaya, nisamehe."

Bi Hidaya alifuta macho kwa ncha ya kitenge chake. Kisha alisema: "Ungalikuja siku ya kwanza, ningalikupa bure, na kuku juu yake." Wajumbe walicheka, na Bwana Faradji naye alicheka, ingawa machozi yalikuwa yanamtoka.

Mwenyekiti alimuuliza Bi Hidaya anataka nini. Alijibu kwamba anataka mambo matatu. Jina lake liandikwe. Chui abaki Kasongo kwa kaka yake, katika nyumba ya baba yao. Cheti kirudi naye Kabambare, na kila mwaka maonyesho yakikaribia, kaka yake aende kumwita yeye mwenyewe, si kwa mtu wa kutumwa.

Bwana Théophile alisema kuweka sarafu mji huu na cheti mji ule si utaratibu wa kawaida wa utunzaji. Aliuliza ikiwa mmoja wao atafariki itakuwaje. Bi Hidaya alijibu kwamba ndiyo sababu: watoto wake na watoto wa kaka yake hawajuani hata sura, na sasa itabidi wajuane. Kamati iliona si utaratibu wa kawaida, na ikaukubali.

Iliandikwa katika daftari la wamiliki, ukurasa wa kumi na mbili: Chui, 0311. Mwenye: Hidaya Muzaliwa. Mtunza sarafu: Faradji Muzaliwa. Bi Hidaya aliweka sahihi. Alichukua muda mrefu kuandika jina lake lote, na hakuna aliyemharakisha.

KUMB. NA. 6/7/2023: KITI CHA MAKAMU WA MWENYEKITI

Mwenyekiti alieleza kwamba, kwa kanuni ya saba, kiti cha Makamu sasa hakina mtu. Alimshukuru Bwana Faradji kwa miaka yake, hasa kwa mabati ya paa la chumba hiki, ambayo hayavuji.

Mama Francine alipendekeza kiti kipewe Bi Hidaya Muzaliwa. Mzee Iliasi aliunga mkono. Mwandishi aliunga mkono pia, ingawa mmoja alitosha. Bi Hidaya alisema Kabambare ni mbali na barabara ni ile ile tunayoijua. Bwana Théophile alisema Bwana Djuma anatoka Kabambare na huwa hafiki, kwa hiyo hata Bi Hidaya akifika mara moja tu kwa mwaka atakuwa amemshinda.

Mwenyekiti alieleza kwamba Bwana Faradji, akiwa mtunza sarafu, hana tena kura, lakini kwa leo anaruhusiwa kunyanyua mkono kama mwana wa mwanzilishi. Kura zilipigwa kwa mikono. Mwandishi alihesabu mitano, pamoja na wa Mwenyekiti. Kisha mkono wa sita ulinyanyuka, ukiwa na glavu nyeupe. Imepita bila kupingwa.

Bi Hidaya alihama kutoka kiti cha karibu na mlango na kukaa kulia kwa Mwenyekiti. Bwana Faradji ndiye aliyemsogezea kiti. Nje, mtu aliyekuwa akisikiliza kupitia dirisha aliwapasha habari wenzake, na vigelegele vikaanza tena. Mama Francine aliwaambia watu wa dirishani wakae tu, kwani yeye mwenyewe alijifunza mengi pale.

KUMB. NA. 7/7/2023: MSTARI WA MAONYESHO

Maonyesho yalipangwa kuanza saa tisa alasiri katika ukumbi wa karibu na soko. Mama Francine aliripoti kwamba meza imefunikwa, na kwamba watu wa Lusangi wameshafika na malori mawili, wachimbaji kwa wafanyabiashara, wakiwa na hamu ya kumwona chui.

Mwenyekiti alikumbusha desturi ya mstari. Kila mnyama hutembezwa kutoka dukani hadi ukumbini juu ya sinia lenye kitambaa cheupe. Mbele ya kila sinia hutembea anayeshika cheti, akikiinua ili watu wakione. Nyuma yake ndiye mwenye sinia. Kwa wengi wetu ni mtu na mkewe, au mama na mtoto wake. Chui hutembea wa mwisho, kwa kuwa ni wa mwanzilishi.

Bwana Théophile aliuliza, kwa utaratibu tu, mwaka huu chui atatembea vipi. Kwa miaka yote mitano iliyopita Bwana Faradji alitembea na sinia peke yake, na mbele yake palikuwa na nafasi tupu ambayo watu wote wa mji waliiona na hakuna aliyeitaja.

Mwenyekiti alitaka kujibu. Bwana Faradji alimwomba radhi, akanyanyua sinia, akampanga chui katikati yake, akanyoosha kitambaa. Wajumbe walisimama. Alimgeukia dada yake aliyekuwa ameshika cheti kwa mikono miwili, akasema mbele ya wote: "Hidaya, tangulia."

Mengine yaliyokuwa katika ajenda hayakujadiliwa, kwa sababu wajumbe walikuwa wameshamfuata. Kikao kilifungwa na Mwenyekiti akiwa mlangoni, saa nane kasoro dakika kumi mchana, siku hiyohiyo.

Tumezisoma kumbukumbu hizi, tumeziona ni za kweli, pamoja na zile sehemu ambazo tuliomba zifutwe.

(sahihi)
Alhadji Souleymane Assani
MWENYEKITI

(sahihi)
Bi Aicha Ramazani
MWANDISHI